Damu Chooni: Jinsi ya Kukaguliwa Sawasawa Kabla Hujaambiwa ni Bawasiri

Ingia duka lolote la dawa karibu na stendi ya Nakuru au Kisumu, useme unatoa damu ukienda haja kubwa. Hujamaliza sentensi, mhudumu keshafungua droo: dawa ya kupaka, dawa ya kuingiza nyuma, pengine na vidonge vya kulainisha choo. Hakuna aliyekuangalia. Mara nyingi mambo hutulia, kwa kuwa bawasiri nyingi hutulia zenyewe kwa siku chache, kwa dawa au bila dawa. Shida ni kwamba uvimbe wa saratani nao unaweza kutoa damu leo, ukanyamaza wiki tatu, kisha ukaanza tena. Ukimya wake unafanana kabisa na kupona.

Mwongozo huu ni wa mtu aliye Nakuru, Kisumu, Kakamega, Bungoma, Siaya au Busia anayetaka daktari aangalie, aguse, aone kwa kifaa, ndipo ataje ugonjwa. Matibabu tutayagusa pale tu yanapoingilia uchunguzi.

Hali ambazo hazingoji miadi

Nenda hospitali leo, hata ikiwa ni usiku, ikiwa damu inatoka kwa mabonge au inaendelea kutoka hata kama hujaenda choo. Ikiwa ukisimama unaona kizunguzungu na moyo unaenda mbio. Ikiwa choo ni cheusi kama lami, kinanata na kunuka vibaya. Choo cha namna hiyo kwa kawaida ni damu iliyotoka juu, tumboni, wala si bawasiri. (Vidonge vya kuongeza damu pia hukifanya choo cheusi, lakini hakinati na hakina harufu ile.) Vilevile maumivu makali nyuma yakifuatana na homa, au mkojo ukikataa kutoka, hilo laweza kuwa jipu la ndani, na kwa mwenye kisukari jipu la sehemu hiyo huenea haraka. Kinyama kilichotoka kikakataa kurudi, kikavimba na kubadilika rangi kuwa cheusi, nacho hakingoji Jumatatu.

Kwa nini kila kitu huitwa bawasiri

Kila binadamu ana mito midogo ya mishipa ya damu ndani ya tundu la haja kubwa. Husaidia kufunga mlango vizuri ili hewa na choo chepesi visivuje. Inapovimba na kushuka ndipo tunasema mtu ana bawasiri. Ile ya ndani iko juu, mahali pasipo na hisia za maumivu, kwa hiyo hutoa damu nyekundu ya kung'aa bila kuuma: matone baada ya choo, au michirizi kwenye karatasi. Ile ya nje iko chini ya ngozi yenye hisia. Damu ikiganda ndani yake, unapata uvimbe mgumu wa rangi ya bluu unaotokea ghafla na kuuma vikali siku mbili tatu za mwanzo. Huo ukiwahiwa ndani ya saa 72 daktari anaweza kuupasua na kutoa bonge la damu; baada ya hapo mara nyingi ni afadhali kuuacha unywee wenyewe.

Sasa linganisha na mambo mengine yanayovaa jina hilo. Mchaniko wa ngozi huuma kama umekatwa na wembe wakati choo kinapita, na maumivu yanaweza kuendelea hata saa nzima au zaidi baada ya kutoka chooni. Watu wengi wanaosema "bawasiri inaniuma sana" wana mchaniko. Fistula hutoa usaha kupitia kitundu pembeni, nguo ya ndani ikawa na doa kila siku. Vinyama vidogo vingi vyenye uso kama koliflawa ni sugu za virusi vya HPV. Mwasho wa usiku kwa mtoto mara nyingi ni minyoo midogo. Na hapo hapo mtoto: bawasiri kwa watoto ni nadra, kwa hiyo damu ya mtoto iangaliwe kama mchaniko, kinyama cha utumbo au utumbo kushuka, si "bawasiri ya kurithi".

Saratani ya utumbo mpana na ya njia ya haja kubwa ndiyo inayotufanya tuandike kwa urefu huu. Dalili zake: damu iliyochanganyika na choo, ute, hamu ya kwenda choo isiyoisha hata ukishatoka, choo kilichobadilika tabia kwa zaidi ya wiki tatu, kupungua uzito, kuishiwa damu. Na si ugonjwa wa wazee tu. Hospitali zetu hupokea watu wa miaka thelathini na kitu waliotibiwa bawasiri kwa mwaka mzima bila kuguswa hata mara moja.

Wiki mbili za kuandika

Hali ikiwa si ya dharura, andika kwa wiki mbili kwenye daftari dogo au kwenye simu. Ukiwa tayari una dalili za saratani tulizotaja, usingoje wiki mbili. Nenda, uandike ukiwa unangoja miadi.

Tatizo la kwanza ni choo cha shimo. Kuna giza, na huoni kilichotoka. Kwa asubuhi tatu au nne tumia poti ya mtoto au karai kuukuu uliloweka gazeti chini, uangalie kwenye mwanga wa jua, kisha umwage shimoni na kuosha karai kwa maji na jik. Inakera, lakini ndiyo njia pekee ya kujua kama damu iko juu ya choo au ndani yake, na daktari atauliza hilo hilo. Anayejisafisha kwa maji ajipanguse kwanza mara moja kwa karatasi nyeupe, ndipo atumie maji. Mwanamke asiyejua damu inatoka wapi aweke kipande cha pamba nyuma na kingine mbele kwa nusu saa baada ya choo; kitakachoshika damu kitasema.

Kila siku andika haya: choo kilikuwa cha namna gani (punje ngumu kama za mbuzi, ndizi laini, au uji), damu ilikuwa na rangi gani na kiasi gani, ukipima kwa matone au kijiko cha chai, maumivu yalianza lini na yalidumu dakika ngapi, kulikuwa na ute au la. Kama kinyama hutoka, andika kinavyorudi: chenyewe, kwa kusukumwa na kidole, au hakirudi. Sentensi hiyo moja humpa daktari nusu ya jibu. Kama unaamshwa usiku na tumbo la kuhara, andika pia, maana bawasiri haimwamshi mtu usingizini akimbie chooni.

Ukila bitiruti, choo kinaweza kuwa chekundu siku hiyo na inayofuata. Usiogope bure, lakini usiifanye kisingizio cha miezi mitatu.

Kinyama kinachotoka chooni na kujificha ukifika kliniki, kipige picha. Simu ikiwa inatumiwa na familia, ifiche au uifute baada ya kumwonyesha daktari. Simu nyingi hupeleka picha mtandaoni zenyewe, na hutaki iibuke kwenye simu ya mtoto.

Uanzie wapi

Zahanati na kituo cha afya ni mahali pazuri pa kuanzia, sio pa kudharau. Klinikal ofisa wa hapo amefunzwa kukagua kwa macho na kwa kidole, anaweza kupima wingi wa damu na choo, na anaweza kukuandikia rufaa. Ambacho kwa kawaida hana ni proktoskopu, kile kibomba cha kuonea ndani. Kwa hicho utahitaji hospitali ya kaunti ndogo au ya kaunti.

Nakuru, kliniki ya upasuaji iko hospitali ya rufaa ya kaunti, ile ambayo wazee bado huiita PGH. Kisumu kuna hospitali ya kaunti mjini, na kuna ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo makondakta na wagonjwa huiita Russia. Kakamega na Bungoma zina hospitali zao za rufaa. Walio upande wa Kitale, Webuye na Kapsabet wengi huelekezwa Eldoret, hospitali ya Moi. Ukiwa upande wa Bomet, Tenwek inajulikana kwa kazi ya kamera za tumbo.

Kliniki za upasuaji za nje haziwi kila siku. Kabla ya kupanda matatu, piga simu au tuma mtu mapokezi aulize maswali matatu: kliniki ya upasuaji ni siku gani, lazima uwe na barua ya rufaa, na proktoskopu ipo. La tatu huwashangaza wengi wa mapokezi, lakini ulizia. Kusafiri kutoka Usenge hadi Kisumu ukaguliwe kwa kidole tu na kuambiwa urudi ni nauli iliyopotea.

Kuhusu malipo: tangu tarehe 1 Oktoba 2024 SHA, bima ya afya ya serikali, ndiyo iliyochukua nafasi ya NHIF. Jiandikishe kwa *147# kabla ya kuugua. Kwenye zahanati na vituo vya afya vya serikali kujiandikisha ndilo jambo kubwa. Kwa huduma za hospitali kubwa lazima michango yako iwe imelipwa, ambayo kwa mwajiriwa ni asilimia 2.75 ya mshahara na haipungui shilingi 300 kwa mwezi. Kabla ya kipimo cha kamera uliza ofisi ya SHA ya hospitali hiyo: hiki kinalipiwa au natoa mfukoni? Uliza ofisini, si kwa mlinzi.

Siku yenyewe

Kula kama kawaida. Kwa ukaguzi wa kidole na proktoskopu huhitaji kufunga. Jaribu kwenda choo asubuhi, ujioshe kwa maji matupu, na usipake dawa yoyote siku hiyo, kwa sababu mafuta na dawa huficha mchaniko na kubadilisha rangi ya ngozi. Vaa nguo za vipande viwili, na mwanamke abebe leso. Itakufunika kiunoni na utajisikia mtu. Kama uko kwenye siku zako bado unaweza kukaguliwa, sema tu.

Beba dawa zote unazotumia, au maboksi yake. Aspirini, warfarini, diklofenaki na ibuprofeni huongeza kutoka damu, na watu husahau kuzitaja kwa kuwa "ni za mgongo tu". Taja na za kienyeji. Aliyeingiziwa maji ya mizizi nyuma anaweza kuwa na utumbo uliochubuka, na daktari asipoambiwa atafikiri ni ugonjwa mwingine kabisa.

Aibu nayo ina kazi yake. Ukisema "Daktari, tumbo linanisumbua" utapewa dawa ya tumbo, na kosa si lake. Sema moja kwa moja, kwa maneno ya kawaida:

"Daktari, wiki sita sasa natoa damu nikienda haja kubwa. Ni nyekundu, inadondoka mwishoni, kama matone matano, haiumi. Nikijisukuma kuna kinyama kinatoka, halafu kinarudi chenyewe. Uzito haujapungua. Naomba uniangalie."

Hapo ameshajua muda, rangi, kiasi, maumivu, kinyama na uzito, na ameshaombwa kukukagua. Ongeza kama mzazi au ndugu wa tumbo moja amewahi kuwa na saratani ya utumbo, na alikuwa na umri gani.

Mwanamke anaweza kuomba akaguliwe na mwanamke, na mwanamume vivyo hivyo amwombe mwanamume. Katika kituo chenye mtu mmoja zamu huenda ukaambiwa urudi siku nyingine. Uamuzi ni wako. Lakini kuomba muuguzi awepo chumbani wakati wa ukaguzi ni haki yako popote, na mhudumu mzuri hatanuna.

Kalamu ikianza kuandika dawa kabla ya kitanda, sema kwa upole: "Daktari, ningeshukuru ungeniangalia kwanza." Ikiwa foleni ni ndefu au hakuna glavu, sema: "Basi niandikie rufaa ya kliniki ya upasuaji." Usitoke bila kimojawapo.

Kwenye kitanda

Utalala kwa ubavu wa kushoto, makalio yakiwa karibu na ukingo wa kitanda, magoti umeyavuta kifuani. Kwanza ni macho na taa. Daktari hupanua makalio kwa vidole na kutafuta mchaniko, vitundu vya fistula, sugu, ngozi iliyoning'inia, uvimbe wa bluu. Mchaniko wa kawaida hukaa katikati, mara nyingi upande wa nyuma. Ukiwa pembeni, daktari anapaswa kufikiria kifua kikuu, kaswende, VVU au utumbo kuvimba kwa muda mrefu, na akuambie kwa nini anaagiza vipimo hivyo.

Kisha kidole kimoja chenye glavu na jeli. Usibane pumzi. Fungua mdomo, pumua nje, na kidole kinapogusa mlango jisukume kidogo kama unaenda choo. Inaonekana kinyume, lakini kujisukuma ndiko kunakofungua msuli. Ukijibana, ndipo kinauma. Utahisi kama choo kinataka kutoka. Hakitoki. Daktari anazungusha kidole pande zote, anakuambia ubane, kwa mwanamume anagusa na tezi dume, kisha anatoa na kuangalia glavu: choo cha rangi gani, damu ipo, ute upo. Dakika moja, imekwisha.

Hapa pana jambo ambalo hata wahudumu husahau. Bawasiri laini ya ndani haisikiki kwa kidole. Ni mto wa damu, ukiugusa unanywea. Kidole kinatafuta kitu kigumu, yaani uvimbe, na hiyo ndiyo thamani yake kubwa. Kwa hiyo anayekuambia "nimegusa, huna bawasiri" na anayekuambia "nimegusa, ni bawasiri ya ndani" wote wamesema zaidi ya kilichosikiwa na kidole. Jibu linatoka kwenye proktoskopu.

Proktoskopu ni kibomba chenye unene wa kama kidole gumba na urefu wa sentimita 7 hadi 10, kikiwa na mti wa kuzibia katikati. Huingizwa chote, mti hutolewa, taa huwashwa, kisha hutolewa polepole huku daktari akitazama. Wakati kinatoka atakuambia ujisukume, na kama bawasiri ipo, mto mwekundu au wa zambarau hujitokeza kwenye mdomo wa kibomba. Atataja mahali pake kwa uso wa saa, na kwa kawaida ni 3, 7 na 11. Hizo ni namba zilizoandikwa kwenye saa, mgonjwa akiwa amelala chali. Si saa tatu asubuhi ya Kiswahili, kwa hiyo usije ukazitafsiri ukimweleza daktari wa pili.

Kinyama kikikataa kujitokeza kitandani, mwombe daktari akuruhusu uende chooni, uchuchumae ujisukume dakika moja mbili, urudi uangaliwe papo hapo. Kulala ubavuni huficha bawasiri ambayo kuchuchumaa huitoa.

Na kama mguso tu unakutoa machozi, mkaguzi asilazimishe. Karibu kila mara huo ni mchaniko au jipu. Mchaniko hutibiwa kwanza, kisha unarudi baada ya wiki mbili tatu kwa proktoskopu. Jipu hukaguliwa na kupasuliwa kwa dawa ya usingizi. Kosa hapa ni kutorudi, kwa kuwa maumivu yakiisha watu huona kazi imekwisha, kumbe ndani hakujaonekana.

Vipimo, na vile visivyosaidia

Omba kujua wingi wa damu yako na uandike namba. Kwa mwanamke asiye mjamzito chini ya 12, na kwa mwanamume chini ya 13, ni upungufu. Katika ukanda wa ziwa upungufu wa damu husemwa haraka kuwa malaria, na kweli malaria huleta. Lakini mtu mzima, hasa mwanamume, mwenye damu 8 na anayetoa damu chooni asikubali malaria iwe maelezo pekee. Bawasiri inaweza kumaliza damu ikitoka kila siku kwa miezi, ila hilo ni jibu la mwisho baada ya utumbo kuangaliwa kwa kamera.

Kupima damu iliyofichika kwenye choo hakuna maana ikiwa unaiona kwa macho yako. Kipimo cha bakteria wa tumbo hakielezi damu nyekundu inayodondoka. Na "amoeba" imetibiwa kwa metronidazole mara ngapi kwa mtu ambaye haharishi, ambaye damu yake hufuata choo kigumu? Amoeba ya kutoa damu huja na kuhara, ute na kuumwa tumbo. Usipokuwa na hayo, muulize daktari anatibu nini.

Kamera inahitajika ikiwa una miaka 45 au zaidi, una dalili za saratani, mzazi au ndugu alikuwa nayo, damu imepungua bila maelezo, proktoskopu haikuona chanzo, au damu bado inatoka baada ya wiki nne hadi sita za matibabu. Sigmoidoskopi hufika kama sentimita 60 na huhitaji enema tu, yaani maji ya kusafisha yanayoingizwa nyuma. Kolonoskopi huzunguka utumbo mpana wote, na kufaulu kwake kunategemea ulivyosafisha tumbo. Fuata karatasi ya hospitali yako, lakini kwa kawaida iko hivi: acha vidonge vya madini ya chuma siku 7 kabla, siku mbili tatu kabla acha sukuma, maharagwe, mahindi, njugu na mapera, maana mbegu za pera huziba kamera, siku moja kabla ni vinywaji vya kupitisha mwanga tu, chai ya rangi, supu iliyochujwa, maji ya glukosi, hakuna chekundu wala cha zambarau, kisha dawa ya kusafisha, nusu jioni na nusu alfajiri. Kinachotoka mwishoni kiwe cha manjano angavu kama mkojo. Kikiwa bado ni cha kahawia chenye vipande, waambie kabla hujapanda kitandani.

Anayetoka mbali alale karibu na hospitali. Dawa hiyo haijali kama matatu iko Timboroa. Mwenye kisukari au anayetumia warfarini azungumze na daktari wiki moja kabla, na kila mtu aje na wa kumrudisha nyumbani: ukishapewa dawa ya usingizi hupandi boda kama dereva kwa saa 24.

Kichocho: swali la watu wa ziwa

Ukiishi au ulikulia kando ya Ziwa Victoria, iwe Dunga, Usoma, Mbita, Rusinga au Usenge, au unalima mpunga Ahero, au unaosha magari na kuchota mchanga ukiwa umesimama majini, mwambie daktari kabla hajauliza. Kichocho cha tumbo huleta damu na ute kwenye choo, na mtu hutibiwa bawasiri miaka. Kipimo ni choo chini ya darubini, lakini mayai hayatoki kila siku, kwa hiyo peleka sampuli tatu za siku tofauti. Ikitokea moja safi usifunge faili. Matibabu ni praziquantel, kwa kawaida miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili: mtu wa kilo 60 humeza vidonge vinne vya miligramu 600 kwa siku moja.

Kichocho cha muda mrefu, sawa na pombe kali ya muda mrefu, huharibu mzunguko wa damu wa ini. Hapo mishipa ya njia ya haja kubwa huvimba ikafanana na bawasiri, ilhali si bawasiri, na kuikata ni hatari ya kumwaga damu isiyozuilika. Kama umewahi kutapika damu, tumbo limejaa maji, au umeambiwa bandama imekua, sema kabla mtu hajashika kisu wala raba ya kufungia bawasiri.

Wale wa kwenye nguzo

Nguzo za stima na kuta za stendi zina karatasi za "bawasiri inaisha siku saba bila upasuaji". Kinachofanywa na baadhi yao ni kupaka au kudunga kemikali inayounguza. Mto wa damu huungua kweli, lakini ngozi na msuli huungua nao: kidonda kinachooza, usaha, kisha tundu linalosinyaa hadi choo kipite kama uzi. Na kama palikuwa na saratani, imefichwa chini ya kovu. Daktari wa halali ana leseni ya mwaka ya KMPDC, baraza la madaktari, na klinikal ofisa husajiliwa na baraza lake, omba kuiona. Atakayeahidi kukutibu bila kukukagua umeshamjua.

Dawa za kuingiza nyuma zenye steroidi nazo zisizidi siku saba bila kuonwa tena. Hukausha mwasho vizuri, na zikitumiwa kwa miezi hufanya ngozi iwe nyembamba na ianze kuchanika yenyewe.

Karatasi utakayotoka nayo

Usitoke na neno "bawasiri" tupu. Omba iandikwe: ya ndani au ya nje, daraja, mahali kwenye uso wa saa, kidole kilikuta nini, proktoskopu ilitumika au haikutumika. Daraja la 1 hutoa damu bila kutoka nje, la 2 hutoka na kurudi lenyewe, la 3 hurudishwa kwa kidole, la 4 halirudi. Kwa daraja la 1 na la 2 kawaida huanzwa na maji, vyakula vya nyuzinyuzi na kuacha kukaa chooni na simu. Raba za kufungia na upasuaji ni mazungumzo ya mbele.

Piga picha karatasi hiyo kabla haijabaki kwenye faili la hospitali. Nyuma yake andika tarehe ya wiki ya sita kutoka siku hiyo. Ikifika na damu bado inatoka, hata tone moja kwa wiki, rudi na daftari lako uombe kamera.